Siku Karavani Ilipokwama Al Mansoura

Nilikwenda Doha kuendesha gari dogo. Ndivyo tulivyokubaliana, na miaka ya mwanzo ndivyo ilivyokuwa: watoto shuleni, mama yao sokoni, bwana mwenyewe uwanja wa ndege. Kisha ukaja msimu mmoja wa baridi, bwana akanunua karavani.

Watu wa kule, joto likishavunjika, huhamia jangwani. Hupiga kambi kusini, ambako vilima vya mchanga vinateremka hadi baharini, wakakaa huko wiki kwa wiki, mjini wanarudi kwa ajili ya kazi tu. Mimi mtu wa Tanga baridi ile niliiona adhabu, navaa soksi mbili mbili. Wao waliiona ndiyo raha yao ya mwaka mzima. Bwana, ambaye wafanyakazi wote wa nyumba tulimwita Baba, nami nikimwita hivyo ingawa nilimzidi umri, alikuwa na mama yake mtu mzima sana. Magoti yalikuwa yamemwisha. Kulala chini hemani hakuweza tena, na kubaki mjini wenzake wakiwa kambini hakutaka hata kusikia.

"Basi nitamnunulia nyumba yenye magurudumu," Baba akasema.

Ikaletwa, nyeupe, ndefu, ina vitanda na jiko na kiyoyozi juu ya paa. Nikaambiwa mimi ndiye nitakayeivuta. Nyumbani nilikuwa dereva wa pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi. Sikuwahi kufunga kitu nyuma ya gari. Baba akanipeleka kwenye kiwanja kitupu nje ya mji nijifunze. Kwenda mbele si kazi. Kazi ni kurudi nyuma, maana ukitaka mkia uende kulia, usukani unaukata kushoto, na ukichelewa kidogo tu karavani inajikunja kama kisu cha mfukoni. Nilitoka jasho siku ile kama niko kwenye joto la kule la mwezi wa saba.

Pamoja na karavani Baba alileta GPS ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Haikuwa kama ile ya simu. Hii ulipoiwasha ilikuuliza kwanza unaendesha nini, ikakuonyesha picha: gari dogo, lori, gari lililofunga karavani. Ukigusa picha ya karavani inakuuliza urefu, upana, kimo na uzito. Hatukuwa na majibu. Baba akachukua futi ya fundi, akakunja kanzu akaichomeka kiunoni, akapanda ngazi mwenyewe huku mimi nimeishikilia.

"Na kiyoyozi," nikamwambia. "Tupime mpaka juu ya kiyoyozi."

"Nakiona, nakiona," akajibu, ngazi ikitikisika.

Tuliyaandika yote mle ndani, na kifaa kikabadilika tabia. Kilipodhani una gari dogo kilikupitisha popote, hata uchochoroni, na ukipotea kilikuamuru ugeuze palepale. Kilipojua una karavani kilikuzungusha barabara kubwa hata kama ni mbali, hakikukuambia kamwe ugeuze ghafla, na muda wa kufika kilikuhesabia kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo. Msimu wa kwanza tulikwenda kambini na kurudi salama. Nikaanza kukipenda.

Safarini tulikuwa watatu. Mama yake Baba alikaa mbele kwa sababu ya magoti. Watoto na wajukuu walimwita Yumma, yaani mama, nasi tukamwita hivyo. Nyuma alikaa dada mmoja wa Kenya, Mtaita, ndiye aliyemtunza: dawa zake, kuoga kwake, mikono yake kupakwa mafuta. Alikuwa mcheshi, na mimi na yeye tulibishana njia nzima kuhusu Kiswahili.

"Kaka, hapo kwa raundabauti imesema uchukue ya pili."

"Kipilefti," nikamwambia.

"Kipilefti gani, na hapa tunazungukia kulia?"

Yumma alikuwa akitutazama tunavyocheka bila kuelewa, naye anacheka. Ile sauti ya kike ya Kiingereza iliyotoka kwenye kifaa aliistaajabia sana. "Huyu mwanamke hachoki?" aliniuliza mara moja kwa Kiarabu. "Hajanyamaza tangu tutoke nyumbani."

Ninayotaka kuyasimulia yalitokea msimu wa pili, asubuhi ya Ijumaa. Baba na mkewe na watoto walikuwa wametangulia kambini jana yake, na kabla hajaondoka Baba alikuwa amekitumia kile kifaa kwenye gari lake la mjini, akitafutia njia ya ofisi moja huko West Bay. Miaka ile Doha nzima ilikuwa inachimbwa. Kipilefti ulichokipita leo, kesho unakikuta kimezungushiwa mabati, na mwezi ujao hakipo. Hata wenyeji walikuwa wanapotea karibu na nyumba zao. Baba alipomaliza shughuli yake akakirudisha kifaa kwenye gari letu kubwa, akakibandika kiooni, akaenda zake. Picha ya gari dogo ikabaki palepale.

Asubuhi nilikagua matairi, nikakagua ndoano na mnyororo wake na taa za nyuma. Kifaa nilikiwasha tukiwa tayari barabarani, nacho hakikuuliza kitu. Kilionyesha njia, nikaifuata. Dada wa Kitaita alikuwa anaimba taratibu nyimbo za kanisani, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku yao ya ibada kule, wote wanakusanyika kwenye makanisa ya Mesaimeer, na yeye siku hiyo alikuwa amekosa.

Tulipofika barabara kubwa ya mzunguko tukakuta imefungwa. Vibao vya njano, mshale wa kushoto. Nikaingia kushoto. Mle ndani hapakuwa na kibao kingine. Kifaa kikafikiri kidogo, kikaniambia nikate kulia, kisha kulia tena. Barabara ikazidi kuwa nyembamba. Maduka madogo, kinyozi, mtengeneza simu, duka la vitambaa, yote yamefungwa. Magari yameegeshwa pande zote mbili, mengine yamepanda juu ya njia ya miguu, maana Ijumaa watu wako majumbani.

"Kaka," dada akasema nyuma yangu, na hakuwa anaimba tena. "Hii njia ni ya karavani kweli?"

Nikatazama pembeni mwa kioo cha kifaa. Kagari kadogo ka bluu, hakana kitu nyuma.

Nilikuwa nimeshaanza kukata kona. Mbele ya gari ilipita vizuri. Kioo cha pembeni kikanionyesha ubavu wa karavani unaijia taratibu kona ya ukuta, na upande wa pili mkia wake unakaribia pikapu ya mtu iliyoegeshwa vibaya. Juu, kiyoyozi cha dirishani cha nyumba ya kona kilikuwa kimetokeza nje, nusu dhiraa kutoka kwenye paa letu. Nikasimama. Nikajaribu kurudi nyuma kidogo, karavani ikaanza kujikunja. Nikasimama tena, nikazima injini.

Madirisha yakafunguka. Haikuchukua muda tukawa tumezungukwa na watu: Wanepali, Wahindi, Wamisri wawili, kila mmoja ana mawazo yake kuhusu usukani wangu. Akatokea na kijana mwenye suruali ya sare na fulana, uso umevimba kwa usingizi. Alitusikia tukizungumza, macho yakamfunguka.

"Nyinyi ni watu wa nyumbani?" akasema. Alikuwa Mkenya, mlinzi wa mnara mmoja wa maofisi huko West Bay, ametoka zamu asubuhi ile. Akazunguka karavani yote, akarudi dirishani kwangu. "Boss, hapa hutoboi. Mpaka hii pikapu itolewe. Mwenyewe namjua, ni fundi bomba, lakini Ijumaa anaenda kwa ndugu yake. Acha nimpigie mtu anayejua namba yake."

Tukangoja. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini Baba. Nilidhani Yumma anaogopa. Nilipomgeukia nikamwona ameshusha kioo, anautazama mnara wa msikiti uliokuwa mwisho wa mtaa, mnara mfupi, mnene, wa kizamani.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa ni wapi?"

"Al Mansoura, Yumma. Tumepotea kidogo. Tutatoka sasa hivi."

"Nishushe."

"Yumma, jua—"

"Nishushe, nimekwambia."

Dada akaleta mkongojo wake. Tukamshika huku na huku, akatembea, na sijapata kumwona akitembea vile. Nyumbani kutoka kitandani hadi sebuleni ilikuwa ni safari yenye vituo. Siku ile alituburura. Akapita mbele ya msikiti, akaingia kichochoro cha nyuma yake, akahesabu milango kwa mkongojo, mmoja, wa pili, kwenye wa tatu akasimama. Ulikuwa mlango wa chuma uliopakwa kijani, rangi imebambuka, nje yake kumejaa viatu vya wanaume.

"Hii ni nyumba yangu," akasema.

Dada akanitazama. Nami nilidhani kama alivyodhani yeye, kwamba akili ya mzee imeyumba kwa jua.

"Niliolewa nikaletwa hapa," Yumma akaendelea, bila kutuangalia. "Mume wangu aliijenga chumba kimoja kimoja. Tukahama mji ulipokua, serikali ilipotupa viwanja kule nje. Gonga."

"Yumma, humu wanaishi wanaume watupu."

"Na mimi ni bikizee. Wao ndio wataniogopa mimi. Gonga."

Yule mlinzi alikuwa ametufuata. Akasema, "Hapa ndani nawajua, acha nianze mimi," akaingia. Tukasikia Kiingereza kikipigwa haraka haraka, kisha mbio za miguu, milango, mtu anaulizia shati lake. Mlango ulipofunguliwa wote walikuwa wamevaa, wamejipanga ukutani kama wanaokaguliwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa imekatwakatwa kwa mbao nyembamba, kila chumba kimezaa vitatu. Ua ulikuwa umebaki, umefunikwa nusu kwa mabati, na kwenye kona Mhindi mmoja wa Kerala mwenye mvi alikuwa anakaanga samaki kwenye jiko la gesi. Harufu ya bizari na majani fulani ya kwao ilijaa kote. Wakaleta kiti cha plastiki, mmoja akakifuta kwa mkono, akakifuta tena kwa shati. Yumma akakaa katikati ya ua, akavuta pumzi.

Hakulia. Mimi nilikuwa nangoja alie. Aliuliza maswali tu. Kisima kiko wapi? Wakamwambia hawajapata kuona kisima. Akaonyesha kwa mkongojo, pale kwenye samaki, na yule mpishi akatazama chini ya miguu yake kama anayeogopa kutumbukia. Akauliza wako wangapi, wanatoka wapi, nani ana mama hai. Wengine walijua Kiarabu cha kazini, wengine nilitafsiri kwa Kiingereza changu. Kila aliyesema ana mama hai, Yumma alimwambia, "Mpigie leo." Akaletewa chai ya maziwa kwenye bilauri, tamu kupita kiasi. Daktari alikuwa amemkataza sukari. Nikamtazama dada, dada akatazama juu.

Kisha akataka kupanda darini, juu ya paa la nyumba. Wakati wa joto, alisema, walikuwa wanalala huko wote, wanamwagia sakafu maji jioni ipoe. Ngazi ilikuwa nyembamba, haina pa kushika. Nilikataa, dada akakataa, na hapo ndipo nilipomwona Yumma akikasirika kwa mara ya kwanza. Mwishowe Wanepali wawili wakamkalisha kwenye kile kiti, wakakiinua, wakampandisha kama bibi harusi. Alicheka njia nzima.

Darini palikuwa na kamba za nguo na madishi. Kutoka pale minara ya West Bay ilionekana yote, ya vioo, inametameta. Mlinzi akamwonyesha ule anaoulinda yeye.

"Pale palikuwa bahari," Yumma akamwambia. "Mume wangu amevua samaki hapo unapolinda."

Nikatafsiri. Mlinzi akaugeukia mnara wake. "Mwambie nikienda zamu nitamtazamia kama amesahau wavu," akasema. Nikatafsiri na hilo, na Yumma akampiga begani kwa mkongojo, polepole.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Baba. Tulitakiwa tuwe tumefika kambini zamani.

"Mko wapi?"

Kabla sijapata la kusema Yumma akanyoosha mkono, akachukua simu. "Niko nyumbani," akamwambia mwanawe. "Nyumbani, nyumba ya kale, nyuma ya msikiti. Wewe njoo."

Baba alifika wakati watu wanatoka kuswali Ijumaa. Nilimngoja mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa: kwamba nimempoteza mama yake, kwamba nimemwingiza nyumba ya makapera, kwamba karavani ya watu imeziba mtaa tangu asubuhi. Alinipita akaingia ndani. Akamkuta mama yake uani, sahani ya wali na samaki iko magotini, anakula kwa mkono, na dada wa Kitaita kando yake naye anakula.

"Umezaliwa mle," Yumma akamwambia, akanyoosha kidole chenye bizari kwenye mlango mmoja.

Baba akaomba ruhusa kwa wenye chumba. Wakamfungulia. Nilisimama nyuma yake nikaona alichokiona: vitanda vya ghorofa vimegusana, mabegi chini, picha za watoto za kila nchi zimebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, hakuvuka kizingiti. Sijui alikuwa anawaza nini, na hakuwahi kuniambia. Alipogeuka aliwapa mkono wote mmoja mmoja, hata yule mpishi aliyekuwa anajaribu kuficha mkono wenye mafuta.

Nje tukaenda wote kuitazama karavani. Mwenye pikapu alikuwa bado hajapatikana. Baba akainama ndani ya gari, akaona picha kwenye kifaa.

"Jana nilikuwa nacho mimi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akagusa picha ya karavani kwa kidole chake, akangoja mpaka kifaa kilipokubali, akatoka. "Haya," akasema, "sasa kinajua. Lakini kututoa hapa hakitatutoa."

Tulitolewa na watu. Tukafungua ndoano, tukaitenga karavani na gari. Waliotoka msikitini, wapangaji wa ile nyumba, wale Wamisri, wote wakashika, na Baba mwenyewe akakunja kanzu akashika kona ya nyuma. Mlinzi akawa ndiye mwenye kuhesabu, kwa Kiswahili, na ajabu ni kwamba kufika mara ya nne kila mtu pale alikuwa anajua moja, mbili, tatu. Tuliusogeza mkia wake kidogo kidogo mpaka karavani ikanyooka na mtaa, kisha tukairudisha kwa mikono hadi pale palipokuwa na upana. Ukuta tuliuachia mchubuko mmoja. Mwenye nyumba ya kona alisema ule ulikuwa ni wa zamani, na mimi sikubishana naye.

Tulifika kambini jua likiwa bado lina nguvu. Kifaa kilituzungusha mbali, barabara pana tupu, hakuna aliyelalamika. Yumma alilala njia nzima, kinywa wazi.

Tangu siku ile akawa na ratiba yake. Kila baada ya wiki chache alisema ana haja ya kwenda hospitali, akavaa, na tulipotoka getini akaniambia, "Twende kwa wale." Tulikwenda na gari dogo, na tende au matunda. Baba alijua, aliniuliza mara moja tu kama ngazi imewekwa cha kushika, nikamwambia bado, na juma lililofuata fundi akaja akaiweka. Dada wa Kitaita akapatana na yule mlinzi. Walikuwa wakikutana Mesaimeer Ijumaa alizopata ruhusa. Mimi niliyaona mapema kuliko wao wenyewe, kwa jinsi alivyoanza kujipaka manukato kwenda hospitali.

Nyumba ile ilibomolewa pamoja na mstari wake wote. Wapangaji walipewa muda, wakatawanyika, wengine kule kwenye majengo ya viwandani, wengine makwao. Tuliogopa kumwambia Yumma. Baba ndiye aliyemwambia, akiwa amekaa chini miguuni pake.

"Ilikuwa imechoka," akajibu. "Kama mimi." Akaomba apewe kahawa.

Alifariki kiangazi kilichofuata, usingizini, nyumbani kwake. Matanga ya wanaume yaliwekwa kwenye hema kubwa mbele ya nyumba, viyoyozi vinanguruma, mabwana wa kanzu nyeupe wanaingia na kutoka. Mimi na mfanyakazi mwenzangu mmoja tulikuwa tunazungusha kahawa na tende. Siku ya pili, alasiri, nikawaona watu wanne wamesimama karibu na geti, juani, hawajui waingie kupitia wapi. Mlinzi, wale Wanepali wawili, na yule mzee wa Kerala amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Walikuja kwa mabasi mawili na kipande kirefu cha miguu.

Niliweka birika chini niwafuate, lakini Baba alikuwa ameshawaona. Aliinuka katikati ya mazungumzo ya watu wazito, akavuka hema lote hadi getini, akawaleta kwa mikono yake. Watu wakasogea. Akawakalisha upande wake wa kulia, akawatambulisha kwa waliokuwapo.

"Hawa ni majirani wa mama yangu," akasema.

Nikawamiminia kahawa. Mzee wa Kerala hakujua desturi ya kutikisa kikombe ili kusema imetosha, akanywa kila nilichomwagia, mpaka Baba akamshika mkono akamwonyesha.